Divai Tamu ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hanywi bia, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anasema ni ya wanaume wasio na kazi. Kinywaji kimoja tu nilichowahi kumsikia akikisifu ni glasi ya divai nyekundu aliyopewa siku ya mahari yangu, kabla chakula hakijaletwa mezani. Mjomba wangu ndiye aliyeileta kutoka Goma. Mama mkwe aliishika glasi kwa mikono miwili, akanywa kidogo kidogo, akasema inashuka bila kukwaruza na inafungua tumbo. Kisha akala bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, hadi shangazi zangu wakaanza kukonyezana. Siku ile nilimpenda. Naliandika hilo mapema, maana huko mbele sitapata tena moyo wa kuliandika.

Mimi ni mtoto wa milima ya juu ya Kirolirwe. Wazazi wangu wanalima maharagi na muhogo kwenye shamba lile lile walilolima babu zao. Mume wangu alikuwa mtu wa Kibua, upande wa Walikale. Tulijuana tukiwa tunasomea ualimu, tukapata kazi Kitshanga, tukajenga nyumba ya mbao, tukazaa binti mmoja. Kisha akaugua. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na hospitalini wakatuambia ini limeharibika. Walinipa karatasi. Ninayo hadi leo kwenye bahasha, na hakuna mtu hata mmoja wa ukoo wake aliyewahi kuniomba aisome.

Kwetu, mtu mzima akivimba tumbo, watu hawaulizi habari za ini. Wanauliza nani alikuwa anampikia. Kuna sumu inayoitwa karuho, inayoua polepole, na aliyempikia mume wangu kwa miaka tisa ni mimi. Hakuna aliyenitamkia neno hilo usoni. Shuleni walimu wenzangu walianza tu kujimiminia chai wenyewe, wakisema hawataki kunisumbua. Zamani walikuwa wakinisumbua kila siku, hata vikombe hawakuosha.

Mama mkwe alikuja kila mwaka kwa ajili ya misa ya kumkumbuka mwanawe, siku mbili juu ya pikipiki, mgongo wote umelowa tope. Na kila mwaka alikuja na kwanga zake, mikate ya muhogo iliyofungwa ndani ya majani, pamoja na chai yake kwenye termos. Mimi nilipika. Aliketi mezani pangu, akasali sala ya chakula pamoja nasi kwa sauti yake nzuri, kisha akafungua majani yake. Alisema ni tumbo la uzee, halikubali tena vyakula vya watu. Mwaka wa kwanza nilimwamini, mjinga mimi. Mwaka wa pili jirani yangu alinipa pole, nikamuuliza pole ya nini, akababaika. Hapo nikaelewa kwamba mtaa mzima ulikuwa ukiyahesabu majani ya kwanga zile.

Mwaka wa nne alituma ujumbe kwamba safari hii angependa kurudi na mjukuu wake, akae naye Kibua likizo yote kubwa. Barabara ilikuwa imetulia. Binti yangu ana miaka tisa, na huko ana binamu wengi na mto wa kuogelea. Alipanga nguo zake kwenye mfuko wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka. Nikajiwekea sharti moyoni, bila kumwambia mtu: mtoto atakwenda, lakini kwanza bibi yake ale chakula changu. Tonge moja lingenitosha. Sikutaka binti yangu akae miezi miwili katika nyumba ambamo mama yake ni muuaji, huku kila anayemtazama akimhurumia.

Ndipo nilipoikumbuka ile divai. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kunywa kitu anachokipenda, kikamfungua tumbo, halafu akae anautazama mchuzi wa kuku. Ataanza na glasi, nitaanza mimi kabla yake kama mwenyeji anavyotakiwa, na mkono wake utakwenda wenyewe kwenye sahani. Nilikuwa na hakika kabisa.

Kupata divai Kitshanga si kazi. Kazi ni kupata iliyo tamu. Chupa hukaa rafu ya juu kabisa, nyuma ya sabuni, zimeshika vumbi, na muuzaji mwenyewe hajawahi kuonja hata tone. Nyingi hupitia Uganda, na maandishi yake ni ya Kiingereza, lugha ambayo mimi na muuzaji wa kwanza tuliielewa sawasawa, yaani hatukuielewa. Niliuliza kama ni tamu. Aliipangusa chupa kwa kiwiko cha shati. "Mama, hii iko sucré kabisa," akasema. "Hata batoto banaweza kuikunywa."

Nilinunua moja ya kujaribia, nikikusudia kurudi kuchukua nyingine ya aina ile ile na kuiweka bila kuigusa. Niliitoboa kizibo kwa kisu na msumari. Ilinikausha ulimi hadi mashavu yakashikana. Kwinini ina huruma kuliko divai ile. Nilimpelekea mwalimu wa darasa la sita, akaitia sukari vijiko vinne na kunishukuru sana. Nilijua fika kwamba aliipokea kwa sababu mke wake hakuwepo nyumbani siku ile.

Nilizunguka siku tatu baada ya masomo. Duka moja walinipa juisi nyekundu ya kuchanganya na maji. Jingine walinipa kitu chenye harufu ya dawa ya kikohozi, na mwenye duka akanikasirikia kwa kuinusa. Mwishowe mama mmoja anayeuza karibu na soko la ng'ombe aliniambia kwamba anayo ile wanayoichukua masista wakati wa sikukuu, laini, tamu, haichomi. Ilikuwa imebaki chupa moja, ya kifuniko cha kuzungusha. Niliuliza mara tatu kama ana hakika. Alisema yeye ni Mwadventista, hanywi, lakini masista huwa hawalalamiki.

Masista hawalalamiki hata wakipewa mawe. Nilikwenda nayo nyumbani, nikaiweka juu ya kabati, nikawa naitazama. Misa ilikuwa kesho yake asubuhi. Kuku alikuwa amekwisha kufungwa mguu. Nilimwona akilini mama mkwe akiinua glasi, akionja, akikunja uso, akiirudisha mezani, na mimi nikiwa nimepoteza nafasi ambayo sitaipata tena. Yule muuzaji wa kwanza alikuwa amenidanganya huku anatabasamu. Kwa nini huyu asikosee pia? Nikaifungua. Nilimimina kiasi cha kujaza kifuniko, nikaonja.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Tamu lakini si sukari, laini, ikashuka bila kukwaruza, ikaniacha na joto kidogo kifuani. Nilicheka peke yangu pale jikoni. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaifuta chupa kwa kitambaa safi, nikaanza kuchambua sombe.

Kila mtu wa huku kwetu anajua kwamba chupa hufunguliwa mbele ya macho ya atakayeinywa. Hata baa, mhudumu huisimamisha mbele yako na kungoja uitikie kwa kichwa. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nimenunua chupa ya kwanza kwa kulifuata hilo hilo. Na bado, jioni ile, niliwaza ulimi wake tu, sikuiwaza chupa.

Siku ya misa tuliketi mezani saa kumi na mbili jioni, sisi watatu. Kuku alikuwa kwenye mafuta ya mawese ya kwao Walikale, niliyoyatafuta pia. Sombe ilikuwa imeiva hadi inang'aa, na kulikuwa na jibini kidogo, maana yeye huwa anaisifu ya huku Masisi. Binti yangu alisimama na beseni na birika la maji ya kunawa. Mama mkwe alinawa. Hata hilo lilinipa matumaini. Miaka mingine alikuwa akinawa nje.

Niliweka chupa mbele yake. Nilimwambia kwamba ni divai kama ile ya mahari, ya kufungulia tumbo. Uso wake ulibadilika, nasema kweli. Aliichukua, akaipapasa kwa kidole gumba, akasema mwanawe aliwahi kumwahidi kumletea nyingine kama ile. Kisha akanirudishia ili niifungue.

Kifuniko kilizunguka bila sauti. Ile pete ndogo inayokatika haikukatika. Ilikuwa imekatika jana yake mikononi mwangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye alikuwa akisikiliza. Aliweka mikono yake magotini.

"Mama, hii chupa ilishafunguliwa," akasema.

Nilimweleza. Nilieleza habari za yule muuzaji, divai chungu, masista, Mwadventista, vyote kwa haraka na bila mpango, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikisema uongo. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Alisema hakatai kwamba nimeonja, ila tumbo lake halitaweza. Akainama kuchukua kapu lake.

Nilijimiminia glasi hadi juu, nikanywa yote mbele yake. Nikajimiminia ya pili. Nilidhani nikinywa vya kutosha itabidi aone. Aliyaweka majani yake ya kwanga mezani, akayanyoosha, na bila kunitazama akasema yale ambayo alikuwa ameyafunga mdomoni kwa miaka minne.

"Benye kutega sumu banakunywaka dawa yake mbele. Kila muntu anajua."

Basi. Kunywa kwangu mbele, yaani kwanza, kula kwangu kwanza, karatasi ya hospitali, vyote havikuwa na maana. Ningeweza kuinywa chupa nzima na kuilamba, bado ningekuwa mtu aliyekwisha kujikinga. Hapakuwa na kitu chochote duniani ambacho ningeweza kukiweka mdomoni kikanisafisha. Nilisikia hasira ikinipanda hadi masikio yakaziba, na nikasema neno ambalo hadi leo natamani kulirudisha.

"Ningekuwa na sumu, mama, ningeanza na wewe. Singeanza na mutoto wako."

Hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayethibitishiwa jambo, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kula kwanga yake. Binti yangu alikuwa bado amesimama na beseni. Sikujua kama maji yale yalikuwa mazito kwake, sikumtazama. Niliketi nikanywa glasi ya tatu. Nilimchukia mwanamke yule, nikamchukia na marehemu kwa kufa na kuniachia mama yake, na uchungu zaidi ni kwamba divai ilikuwa nzuri. Kuku hakuna aliyemgusa. Mtoto alisema ameshiba.

Asubuhi pikipiki ilikuwa mlangoni. Ningeweza kumzuia binti yangu. Nilikuwa na sharti langu na lilikuwa halijatimia. Lakini alikwisha kuvaa, mfuko mgongoni, na nilijua nikimzuia wangesema nimemficha shahidi. Nilimuuliza kama bado anataka kwenda. Alisema anataka, bila kusita hata kidogo, akiangalia viatu vyake.

Nilikuwa nimemchemshia mayai na kumpakia mikate miwili yenye jibini, maana njia ni ndefu na yeye akipanda pikipiki na njaa hutapika. Nilivifunga kwenye kitambaa, nikampa. Bibi yake alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya dereva, akimngoja, kanga imefungwa vizuri kichwani. Tuliagana kwa heshima. Alinitakia kazi njema shuleni.

Binti yangu hakuondoka mara moja. Alikifungua kitambaa pale pale kwenye ngazi, akakata kipande cha mkate kwa vidole, akamega na yai kidogo, akaviweka pamoja. Nilidhani ana njaa. Akaninyooshea kwa mikono miwili, kama tunavyomfundisha mtoto kumpa mtu mzima kitu. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na woga. Alikuwa na adabu tu.

"Onja mbele, mama," akasema.

Nilitafuna, nikameza. Alingoja kidogo akinitazama kooni, kisha akakifunga tena kitambaa chake vizuri, akaniambia asante, akaenda kupanda pikipiki.