Ganda Lililopita Dirishani

Kitu cha kwanza ambacho mkamwana alikiona kwa mama mkwe wake, fundi cherehani, ni kidole gumba cha manjano. Kila ganda la limau hulikata jembamba, kisha hulipeleka dirishani kulikagua kwenye mwanga huku amebana midomo kana kwamba ameuma pini. Likiwa na hata chembe ya weupe, hulitupa, kwani weupe huitia uchungu pombe yake tamu. Leo aliligeuzageuza ganda alilolikata mkamwana, akaguna, akalitumbukiza kwenye mtungi wa pombe kali.

"Binti yangu mwenyewe nilimfukuza jikoni kwa limau la kwanza," alisema. "Wewe, mama, kaa."

Mkamwana alivuta kiti akakaa, kifua mbele. Mtungi utafunguliwa baada ya wiki sita, wifi yake aliyefukuzwa jikoni akiwa wa kwanza kuonja, na mkamwana ameshaanza kuhesabu siku.