Damu Yangu na ya Mama Mkwe

Dada zangu mnaonisoma, zamani nilikuwa msichana wa kucheka tu. Shule niliachia darasa la tano. Nikauza maziwa ya ngamia hapa Bura, huku nikiota: nitaolewa, nitazaa wanane, niwapange mlangoni kama glasi za chai.

Nikaolewa na Abdi. Hodan, mtoto wa kwanza, alizaliwa nyumbani, mzima kabisa. Wa pili alitoka salama, kesho yake akawa manjano, macho kama kiini cha yai. Tulimwanika juani, tukamsomea. Siku ya nne akafa. Wa tatu alifia tumboni mwezi wa nane, akatoka amevimba. Maziwa yakaja na hakuna wa kunyonya. Nilifunga matiti kwa leso nikalia.

Mama yake Abdi, ninayemwita Eddo, akasema mbele ya wageni, "Naa, mwanamke wewe, tumbo hili ni makaburi. Abdi atafute mwingine."

Mimba ya nne ilipoingia, Abdi alinipeleka hospitali Garissa. Eddo akaja kutusimamia. Nesi akauliza, "Mama, wewe ni kundi gani?" Nikamhesabia baba, babu, mpaka babu wa saba. Alicheka akashika meza. "Huo ni ukoo! Mimi nataka kundi la damu."

Ikapimwa: O hasi. Ya Abdi, chanya. Daktari akaeleza polepole. Hodan alirithi damu ya baba yake. Nilipomzaa, kidogo ikaingia kwangu, mwili ukaiona adui, ukajifunza kuipiga. Waliofuata walipokuja na damu ile ile, ukawapiga. "Kuna sindano ya kuzuia, lakini huchomwa mapema, mwili haujajifunza. Kwako imechelewa."

"Kwa hivyo niliwaua mimi?"

"Hapana, mama. Mwili haukukuuliza."

Akataka Eddo naye apimwe. Eddo akanyoosha mkono na Kiswahili chake cha sokoni, ambacho 'pima' huwa 'bima': "Bima, lakini usimalize."

O hasi, kama mimi! Eddo akanigeukia. Halafu akaniambia kwa Kisomali, "Baada ya Abdi nilizika watatu. Wote manjano. Waliniambia ni jicho." Akavuta shungi yake akafuta macho yangu, si yake.

Daktari alitabasamu. "Basi Abdi amebeba aina mbili, ya baba na ya mama. Mtoto huyu anaweza kuchukua ya bibi yake. Ni nusu kwa nusu."

Kila mwezi nilipimwa. Ukali ule wa mwili wangu kupiga damu ya mtoto haukupanda. Nikazaa hospitalini, mvulana, macho meupe pepepe! Damu yake ikatoka hasi. Nilikuwa bado nacheka nilipoanza kuvuja. Godoro likalowa, masikio yakavuma. Damu ya kundi langu haikuwapo. Eddo akasukuma mlango. "Yangu si ni hiyo hiyo? Toa!"

Nilipoamka alikuwa kando yangu anakunywa soda. "Sasa wewe ni wangu," akasema, "hata Abdi akikuacha."

Alhamdulillahi. Mungu awalipe Eddo, daktari na nesi yule mcheshi. Nanyi dada zangu, mimba ya kwanza tu, pimeni damu. Ukiwa hasi na mtoto ni chanya, sindano ichomwe kabla siku tatu za kuzaa hazijaisha. Na uliyezika, usikubali kuitwa kaburi.

Mdogo wangu sasa ana mimba yake ya kwanza. Anaogopa sindano, amejificha kwa jirani. Kesho namfuata. Aogope tu, lakini tutaenda.