Nilizunguka Mlima Miaka Kumi na Miwili kwa Sababu ya Obokima

Kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Nimesoma hadi darasa la tatu tu, lakini upumbavu huu sikufundishwa na mtu.

Sisi wanawake wa huku mlimani Manga tulikuwa na kikundi cha kuchumiana chai kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, nikawapikia obokima, ugali wetu wa wimbi. Kwamboka, mke wa shemeji yangu, akamega tonge akasema, "Mama, huu ni unga mbichi. Hata kuku wako watakushtaki kwa chifu."

Wakacheka. Alicheka Kemunto, akacheka Bosibori, Nyaboke, Kerubo mke wa fundi, na Mokeira ambaye hata meno hakuwa nayo. Majina yao niliyashika kuliko aya za Biblia.

Nikaacha kikundi, nikaapa sitakanyaga kwa Kwamboka tena, wala kusikia habari za wote waliocheka. Lakini njia ya kwenda kituo cha chai inapita uani kwake. Basi nikawa nauzunguka mlima na kikapu mgongoni, miaka kumi na miwili, eti ndio akome. Nikifika, majani yameharibika kwa joto kikapuni, karani wa kituo anayakataa. Magoti nayo yakaisha. Na kila Sabato niko kanisani kiti cha mbele, naitikia amina kwa mahubiri ya kusamehe.

Mwaka huu mjukuu wangu Moraa alikuja na rafiki yake wa kazini, mama wa Sri Lanka, Mbudha. Nikajiambia, huyu asiyejua hata Sabato ana nini cha kunifundisha? Nikamsimulia ubaya wa Kwamboka ili anihurumie. Akauliza, Moraa akitafsiri, "Nyanya, hiyo hasira iko wapi sasa hivi?"

Nikaitafuta. "Iko kwa magoti," nikasema.

Moraa alicheka hadi akashika ukuta. Mgeni akaniambia kwao wanafundishwa kwamba hasira huja na huondoka yenyewe, ila sisi ndio tunaiketisha na kuilisha. "Ikija tena usiifukuze, usiipe chakula. Iangalie tu."

Kesho yake nikashuka kwa Kwamboka. Amezeeka, jicho moja halioni. Akanishika mkono, hakuuachilia.

"Nilikuwa nakuona kule juu na kikapu," akasema. "Nikadhani daktari amekwambia utembee kwa ajili ya presha."

"Na yale maneno ya obokima?"

"Obokima gani?"

Hapo nikakasirika upya, kuliko ile siku ya kwanza. Miaka kumi na miwili, na yeye hana habari! Nikaketi nikaiangalia hiyo hasira kama nilivyoambiwa. Ilipanda hadi kooni, ikatetemeka, ikashuka kabla hajamaliza kunimiminia chai.

"Kemunto na wale wengine wako wapi siku hizi?" nikamuuliza.

"Tulishawazika wote," akasema. "Wewe hukuja hata matanga ya mmoja wao. Mimi nimekuwa nikikaa hapa peke yangu."

Nyinyi mnaosoma hapa, kama kuna mtu mliyemnunia, nendeni leo mkamuulize kama anajua.