Majibu Mawili ya Zizi

Harufu ya utomvu wa minyaa hunirudisha kwenye zizi letu la duara. Baba alitaka njia ya ng'ombe ilipasue, inyooke kutoka kisimani hadi kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, lakini uzio wa minyaa ulikuwa mnene, huoni ng'ambo. Dada yangu wa sekondari akachukua mkaa. Kwenye ukuta wa nyumba aliandika mlinganyo wa duara na wa mstari, akauingiza mmoja ndani ya mwingine, yakatoka majibu mawili.

“Majibu mawili?” baba akaguna. “Swali ni moja, mwanangu. Umekosea.”

“Moja la kuingilia, baba. Jingine la kutokea.”

Tulikata minyaa pale dada alipopima kwa hatua. Kupitia pengo la kwanza nililiona la pili, na nyuma yake josho likimeta. Utomvu uliniwasha macho, sikuyafumba.

Mama alipokandika nyumba upya, baba alimkataza kuugusa ukuta ule.