Nyumba Tuliyomkandikia Mzee Abdala

Bibi alikuwaga akinipaka mafuta ya nazi, nanukia kama wali wa sikukuu. Juzi nimeyanusa sokoni, nikarudi Kawe enzi za ujamaa, kina mama wakijipaka hayohayo mikononi wasipasuliwe na udongo. Bahari ilikuwa imepanda, ikambeba mke wa jirani yetu Mzee Abdala, na nyumba. Tukazoa vifusi, tukamkandikia nyingine ili asituhame.

Tulipomaliza, Somoe, mtani wake, akajifunga kanga akaigiza sauti ya marehemu, kama watani wafanyavyo msibani: “Baba Tatu, chai inapoa! Ingia, unanitia aibu kwa wageni!”

Tukacheka. Mzee naye akacheka, akanawa udongo, akaondoka taratibu. Mie, kwa utoto, nikadhani kafuata sukari ya hiyo chai, nikamtandikia mkeka. Hakurudi tena.