Chapati za Aliyeshindwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa Husby, mtaa mmoja wa huku Uswidi, nikimbadilishia shuka bibi ninayemhudumia, nikaona kwenye televisheni yake chuo alichosoma baba kikicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatana na kuangushana. Kilicheza na chuo cha upande wa pili wa nchi, ambacho hakina hata ugomvi nacho. Nikazima. Bibi akanung'unika kwa Kiswidi. Nilimwomba radhi, lakini sikuiwasha upesi.

Ngoja nikueleze. Tulipokuwa wadogo kule mtaa wa Alby, jirani wa ghorofa ya chini yetu alikuwa Mkenya kama baba. Wote wawili walisoma Marekani kabla ya kuja huku, na vyuo vyao vilikuwa mahasimu wa miaka mingi. Kila Novemba vilikutana mara moja, mchana wa kule, kwetu saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia zamani. Baba aliunganisha kompyuta na televisheni, picha ikagandaganda, na sisi watoto tulikaa kwenye zulia tukimenya karanga.

Sheria ilikuwa moja: aliyeshindwa anapika chapati Jumapili baada ya ibada, kwa mikono yake, mke asiguse. Harufu ya mafuta yaliyoungua ilijaa ngazi zote.

"Hii ni chapati au ramani ya Uswidi?" baba alimuuliza jirani mwaka mmoja.

"Kula, bwana. Mwakani utasukuma wewe, tuhesabu pembe."

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kisha televisheni ya kule ikaanza kupanga saa. Mechi ikasogezwa hadi jioni yao, yaani usiku wetu wa manane, na jirani alikuwa dereva wa basi wa zamu ya alfajiri. Akabadilishana zamu na mwenzake, akaja. Halafu wakubwa wa mpira wa kule wakafanya baya zaidi. Vyuo vya kule hucheza kwa makundi. Kundi moja tajiri, lenye mkataba mnono wa televisheni, likakichukua chuo cha baba na kukiacha cha jirani. Mechi yao ikafutwa, kama vile haikuwa ya mtu yeyote.

Siku habari ilipotoka jirani alipanda kwetu.

"Mmetuuza," alisema. Alikuwa akitabasamu kidogo. Nadhani alitaka baba asikitike naye.

Baba akacheka. "Sisi sasa ni wakubwa, ndugu yangu. Nyinyi tafuteni saizi yenu."

Mimi pia nilicheka, nakiri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikafurahi kuwa upande wa wakubwa. Jirani alivaa viatu vyake polepole pale mlangoni. Hakupanda tena.

Nawachukia wale watu wa mikataba. Waliona saa za matangazo tu, hawakuona watu. Lakini siwezi kuwatwika maneno ya baba, wala kicheko changu.

Jirani alipofariki, baba alinituma mimi nishuke na chupa ya chai. Mjane alinifungulia, akatazama ngazi nyuma yangu.

"Baba hajaja?"

"Anaumwa, mama."

Hakuwa anaumwa. Alikuwa sebuleni kwake, juu ya vichwa vyetu, anatazama mpira. Tuliusikia vizuri kabisa, mjane na mimi, tukanywa chai.