Mlio Kifuani mwa Fundi Spika

Mtaa mzima ulimwita Mngurumo, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa sauti ya chini. Kilichonguruma ni kibanda chake cha kutengeneza spika, miaka thelathini sasa. Masikio yalipoanza kufifia, alijifunza kusikiliza kwa kifua: aliikumbatia spika, sumaku yake ikigusa mbavu, akabonyeza koni, ile karatasi yake ya mbele, kwa vidole polepole, na mfupa ukamwambia ni wapi panapokwaruza.

Kisha moyo wake ukaanza kwenda mrama. Alianguka mara mbili. Hospitali wakampandikizia kimashine chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Moyo ukipagawa, kinaushtua urudi njiani. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, walimwonya asiweke simu kwenye mfuko wa shati.

Basi hofu yake yote ikahamia kwenye simu. Aliifungia ndani ya kopo la biskuti, kopo likapanda juu ya kabati. Ikiita, mkewe ndiye aliyepokea. Hata televisheni aliitazama akiwa amesimama mlangoni.

"Baba, hiyo simu haing'ati," mkewe alimtania.

"Wewe huna mashine ndani. Unacheka tu."

Spika hakuziwazia hata kidogo. Alikwisha kuzizoea kama mikono yake.

Jumatatu moja shemeji yake, mpiga muziki wa sherehe, alileta spika nzito kama mtoto wa miaka minne. Umeme ulikuwa umekatika, na kibanda kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mngurumo akaikumbatia, akabonyeza.

Tii. Tii. Tii.

Alishangaa. Spika haikuunganishwa na chochote. Akaigeuza kidogo, akapuliza vumbi, akabonyeza tena. Mlio haukubadilika. Akaupapasa ukingo wa koni akitafuta unakotoka, hadi vidole vikapita shingoni mwake na kukuta mshipa unapiga. Kila pigo lilikuwa na tii yake.

Akaganda na spika mikononi, asithubutu kusogea.

"Mama," alimwita mkewe, aliyekuwa akichambua skrubu. "Njoo usikilize hapa."

Mkewe akaweka sikio begani pake. Uso ukambadilika. "Iweke chini hiyo spika."

"Nikitikisika nitakufa."

"Iweke chini, nimesema."

Akaiweka. Mlio ukakatika, na kimya kile kikamtisha kuliko mlio wenyewe. Alikaa sakafuni, kiganja shingoni, akihesabu mapigo yake huku mkewe akipiga simu hospitali akiwa amesimama mbali naye, sauti ya simu ikiwa juu.

"Sumaku hukilaza hicho kimashine," muuguzi alisema. "Kikilia hivyo, kimeacha kukulinda. Ukiiondoa, kinaamka. Umekuwa ukizikumbatia hizo spika kwa muda gani, baba?"

Mngurumo alifikiria. Wiki sita tangu atoke hospitali. Spika tatu, nne kwa siku, redio ikipiga kelele juu yake. Nyingine alisinzia amezikumbatia.

"Kwa muda," alijibu.

"Njoo kesho tukipime. Na usizikumbatie tena."

Alitoka nje akasimama juani. Jioni shemeji akaja.

"Vipi shemeji, imepona?"

"Bado. Ingia uichukue."

"Nishikie upande mmoja basi."

"Siwezi."

"Loo, Mngurumo mzima anaogopa spika?"

"Naiogopa," alisema, na hakusogea.

Shemeji akataka kucheka, akamtazama dada yake, akaacha.